Ganda, Lakabu na Usanifu: Historia Fupi ya Lugha Binafsi katika Mstari wa Amri

Utangulizi

Lugha za kompyuta kwa kawaida huhesabiwa kuwa nje ya mipaka ya taaluma ya isimu. Hubuniwa na watu wachache kwa makusudi maalumu, hazina wasemaji waliozaliwa nazo, na sarufi zake hazivumilii kosa hata dogo. Hata hivyo, ipo sehemu moja ya kompyuta ambamo yametokea mambo ambayo mwanaisimu huyatambua mara moja. Mtu hujitungia msamiati wake. Msamiati huo hutofautiana na wa jirani yake. Jamii hutafuta usanifu ili watu wapate kuelewana. Na usanifu nao huzua swali la nani mwenye mamlaka ya kuvipa vitu majina. Sehemu hiyo ni mstari wa amri, yaani pale ambapo mtumiaji huandika neno kwa kibodi na mashine ikalitii.

Makala haya yanachunguza jinsi mtumiaji wa kawaida alivyoupata uwezo wa kuulinganisha mstari wa amri na mahitaji yake mwenyewe, hasa katika mfumo wa Unix na mifumo iliyozaliwa nao. Hoja kuu ni kwamba uhuru huo haukupangwa tangu mwanzo. Ulizuka kutokana na uamuzi mmoja wa kiufundi, wa kumtenga mfasiri wa amri na mfumo wenyewe, na kila ulipopanuka ulidai malipo yake: kadiri lugha ya mtu ilivyomfaa yeye, ndivyo ilivyopungua kueleweka na wengine. Historia hii inawahusu pia wanaoshughulikia lugha za Kiafrika, kwa sababu inaonyesha ni wapi katika kompyuta msemaji wa lugha yoyote anaweza kutaja vitu kwa lugha yake bila ya kuomba ruhusa, na ni wapi hawezi.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi chache zifafanuliwe. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayogawa kumbukumbu na muda wa mashine, itaitwa kiini. Programu inayosimama baina ya kiini na mtu, ikisoma amri zake na kuzitekeleza, itaitwa ganda. Nayo ndiyo tashbihi iliyochaguliwa na wabunifu wenyewe. Terminali ni chombo ambacho kwacho mtu huandika amri na kusoma majibu, ijapokuwa siku hizi mara nyingi si chombo tena bali ni dirisha tu kwenye skrini. Saraka ni orodha ya faili zilizowekwa pamoja. Kigeu ni jina linalobeba thamani iwezayo kubadilishwa. Jina la pili ambalo mtumiaji huipa amri litaitwa lakabu, neno ambalo wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanalifahamu vyema.

Kutoka RUNCOM hadi Ganda

Mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 katika chuo cha MIT nchini Marekani chini ya uongozi wa Fernando Corbató, uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya mashine yake ya kupigia chapa. Miongoni mwa waandishi wa programu za mfumo huo alikuwamo Mfaransa Louis Pouzin. Baada ya kuandika amri nyingi, Pouzin aliona kwamba amri zenyewe zingefaa kuwa matofali ya kujengea amri nyingine. Mnamo miaka ya 1963 na 1964 aliandika programu aliyoiita RUNCOM, ambayo ilisoma amri zilizoorodheshwa katika faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine, huku ikibadilisha baadhi ya maneno kulingana na alichoandika mtumiaji.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini ndilo mwanzo wa historia nzima inayojadiliwa hapa. Kabla ya RUNCOM, msamiati wa amri ulikuwa mali ya waliojenga mfumo. Baada yake, mtu aliweza kuchukua sentensi ndefu aliyozoea kuirudia na kuipa neno moja. Kumbukumbu ya programu hiyo imehifadhiwa katika herufi mbili, rc, ambazo zingali zikionekana mwishoni mwa majina ya faili kama vile .cshrc, .bashrc na .zshrc. Wengi wazitumiao hawajui asili yake, kama vile wasemaji wengi wasivyojua asili ya viambishi wanavyovitamka kila siku.

Mfumo mwingine uliofuata, Multics, ulipokuwa ukibuniwa, Pouzin alipendekeza mfasiri wa amri ajengwe kwa namna hiyo, na ndiye aliyeliita shell, yaani ganda. Yeye mwenyewe alirudi Ufaransa. Ganda la kwanza la Multics liliandikwa mwaka 1965 na Glenda Schroeder wa MIT akisaidiwa na mtu wa kampuni ya General Electric.

Maabara ya Bell, iliyokuwa imeshiriki katika mradi wa Multics, ilijiondoa mwaka 1969. Mwaka huohuo Ken Thompson na Dennis Ritchie, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, walianza kujenga mfumo mdogo uliokuja kuitwa Unix. Katika Unix wazo la ganda lilitimizwa kikamilifu. Ganda halikupewa cheo chochote: lilikuwa programu kama programu nyingine. Katika faili ya /etc/passwd, iliyoorodhesha watumiaji, mstari wa kila mtu uliishia kwa jina la programu ambayo ingeanzishwa aingiapo. Kulibadilisha jina hilo kulikuwa sawa na kubadilisha lugha ambayo kwayo mtu huyo angezungumza na mashine, na jirani yake asingeathirika kwa lolote. Maganda yote yatakayotajwa hapa chini yaliwezekana kwa sababu ya mpango huo.

Ufupi wa Maneno na Ajali ya Nukta

Msamiati wa kwanza wa Unix uliathiriwa sana na vyombo vya wakati ule. Terminali ya Teletype Model 33 ilichapa kwenye karatasi kwa kasi ya herufi 10 kwa sekunde, na vibonye vyake vilihitaji nguvu ya kidole. Katika hali hiyo kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu. Ndiyo maana kuorodhesha faili kukaitwa ls, kunakili cp, kuhamisha mv, na kuondoa rm. Maneno hayo ni vifupisho vya Kiingereza vilivyokatwa irabu zake, hata wasemaji wa Kiingereza wenyewe hulazimika kujifunza. Vyombo vile vimekwisha kutoweka, lakini maneno yamebaki. Msamiati ukishazoeleka hudumu kuliko sababu iliyouzaa, na jambo hilo halina ugeni kwa wanaohistoria wa lugha.

Mkasa mwingine wa namna hiyo unahusu mahali ambapo watu huhifadhi mapendeleo yao. Rob Pike, aliyefanya kazi katika Maabara ya Bell tangu mwaka 1980, ameeleza kwamba mfumo wa faili ulipofanywa kuwa wa ngazi kwa ngazi, kila saraka iliwekewa majina mawili maalumu: nukta moja kwa saraka yenyewe, na nukta mbili kwa saraka iliyo juu yake. Ili majina hayo yasijitokeze katika kila orodha, amri ya ls iliagizwa iruke jina lolote linaloanza kwa nukta. Ilikuwa njia ya mkato. Sharti kamili lingeyataja majina yale mawili tu. Matokeo yake, faili yoyote iliyopewa jina linaloanza kwa nukta ikawa haionekani. Waandishi wa programu wakaitumia nafasi hiyo kuficha humo mapendeleo ya watumiaji. Hivyo uhuru wa mtu binafsi ukapata makao, nayo yalipatikana kwa bahati.

Bourne na Mazingira

Ganda la Thompson, lililoelezwa katika toleo la kwanza la mwongozo wa Unix mwaka 1971, lilikuwa dogo kwa makusudi. Lilipitisha matokeo kwenye faili, na kuanzia mwaka 1973, kwa kufuata pendekezo la Doug McIlroy, liliunganisha programu kwa bomba, pato la moja likawa ingizo la nyingine. Lakini halikumpa mtumiaji nafasi kubwa ya kujieleza. Amri zilitafutwa mahali palepale palipowekwa na mjenzi, na vigeu vya kujitungia havikuwapo. Katikati ya miaka ya 1970 John Mashey, wa Maabara hiyohiyo, alilipanua kwa kuongeza vigeu vyenye majina ya herufi moja moja, na kwa kumruhusu mtu kupanga ni wapi amri zake zitafutwe.

Hatua kubwa ilikuwa ya Stephen Bourne. Yeye alitoka Cambridge, Uingereza, alikokuwa ameshiriki katika kutengeneza mfasiri wa lugha ya Algol 68, akaja na mazoea ya lugha hiyo. Ganda lake, lililotolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, lilikuwa lugha kamili yenye masharti, marudio na vigeu. Alama za asili yake zinaonekana waziwazi. Sharti linalofunguliwa kwa if hufungwa kwa neno hilohilo lililogeuzwa, fi. Uchaguzi unaofunguliwa kwa case hufungwa kwa esac. Kwa kanuni hiyo marudio yanayofunguliwa kwa do yangefungwa kwa od. Lakini od lilikuwa tayari jina la amri nyingine, ile inayoonyesha yaliyomo katika faili kwa tarakimu za kizio cha nane, kwa hiyo ikabidi neno done litumike. Hapa kanuni ya kuunda maneno ilizuiwa na mgongano wa homonimu.

Katika toleo hilo la saba ndipo wazo la mazingira lilipokamilika. Mazingira ni mkusanyo wa vigeu ambavyo ganda huvirithisha kwa kila programu linayoianzisha. Kigeu cha HOME hutaja saraka ya nyumbani ya mtu. PS1 hubeba alama ambayo ganda huionyesha likisubiri amri. PATH huorodhesha saraka zitakazotafutwa, kwa utaratibu wake, kila neno la amri linapoandikwa. Mtu akiitanguliza saraka yake katika PATH, programu yake yenye jina sawa na la mfumo ndiyo itakayoitikia mwito kwanza, kama msomaji anayeziweka kamusi zake mezani akaamua ni ipi itakayofunguliwa mwanzo. Mapendeleo hayo yote yaliandikwa katika faili ya .profile, iliyosomwa kila mtu alipoingia. Tangu hapo mtu hakuhitaji kujieleza upya kila asubuhi. Mashine ilimkuta alivyokuwa jana.

Berkeley: Lakabu na Kumbukumbu

Wakati Bourne akitunga ganda lake New Jersey, Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa akitunga jingine, csh, lililosambazwa mwaka 1979. Tofauti ya nia zao ni dhahiri. Bourne alilenga zaidi uandishi wa programu. Joy alimfikiria mtu aliyeketi mbele ya terminali siku nzima. Ganda la Berkeley lilikumbuka amri zilizopita, na kwa alama ya mshangao mtu aliweza kuzirudia au kuzirekebisha. Lilisoma faili ya .login mara moja mtu alipoingia, na .cshrc kila ganda jipya lilipoanzishwa. Juu ya yote lilileta lakabu: mtu aliandika neno alias, jina alilolitaka na maelezo yake, na tangu hapo jina hilo likawa amri.

Hata alama ndogo za ganda hilo zilizaliwa na chombo. Joy alitumia terminali ya ADM-3A ya kampuni ya Lear Siegler. Katika kibodi yake neno HOME na alama ya wimbi, ~, vilikuwa kwenye kibonye kimoja. Alama hiyo ikawa maana yake ni saraka ya nyumbani. Leo mamilioni ya watu huiandika kwenye kibodi ambazo hazina uhusiano wowote kati ya alama hiyo na nyumba.

Mambo mengine yaliongezwa kwa kupokezana. Ken Greer, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alichukua kutoka mfumo wa TENEX uwezo wa ganda kumalizia jina ambalo mtu ameanza kuliandika, na mwaka 1981 ukaunganishwa na csh. Herufi t katika tcsh ni kumbukumbu ya TENEX. Mwaka 1983 David Korn wa Maabara ya Bell alitangaza ganda lake, ksh, lililojengwa juu ya sarufi ya Bourne lakini likakusanya lakabu, kumbukumbu za amri na uhariri wa mstari wenyewe. Terminali za skrini nazo zilikuwa zimefika. VT100 ya kampuni ya Digital, iliyotokea mwaka 1978, ilifuata viwango vya alama za kuongoza maandishi ambavyo programu za terminali hufuata hata leo. Kwa alama hizo mtumiaji aliweza kuikoza alama ya kusubiri amri au kuigeuza sura.

Lahaja na Usanifu

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwapo hali ambayo mwanaisimu-jamii angeiita diglosia. Watumiaji wengi walizungumza na mashine kwa csh, kwa kuwa ilikuwa nyepesi mkononi. Lakini walipoandika hati za amri za kudumu, walitumia lugha ya Bourne, kwa kuwa ilipatikana katika kila mashine ya Unix. Lugha mbili za asili moja ziligawana kazi, moja ya maongezi na nyingine ya maandishi. Isitoshe, kila kampuni iliyouza Unix iliongeza ya kwake.

Usanifu ulikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matumizi. Mwaka 1989 Brian Fox, akifanyia kazi Wakfu wa Programu Huria wa Richard Stallman, alitoa bash, ganda lililofuata sarufi ya Bourne na kuchukua mengi kutoka kwa Korn na Berkeley. Mfumo wa Linux ulipoanza mwaka 1991, bash ilikuwa mojawapo ya programu za kwanza kuendeshwa juu yake, ikaenea pamoja nao. Njia ya pili ilikuwa ya kamati: mwaka 1992 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa sehemu ya viwango vya POSIX inayohusu ganda na amri zake. Viwango hivyo kwa kiasi kikubwa vilifuata Bourne na Korn. Sarufi ya Berkeley ikaachwa nje, ijapokuwa lakabu na kumbukumbu zake zilikuwa zimekwisha kupokewa na maganda mengine.

Msomaji wa historia ya Kiswahili hawezi kukosa kukumbuka mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ikiwa na Kiunguja kama msingi wa lugha sanifu. Kimvita hakikufa kwa uamuzi huo. Kiliendelea kusemwa na kutungiwa mashairi, na maneno yake mengi yanatumika ndani ya lugha sanifu. Mlinganisho huu hauna budi kuwekewa mipaka, kwa maana lahaja ni mali ya jamii yenye historia, ilhali ganda ni kazi ya watu wachache. Lakini sura ya jambo ni ile ile: usanifu huchagua sarufi moja, na lahaja zilizoachwa huingiza msamiati wake kwa mlango wa nyuma.

Upande wa matumizi ya binafsi nao haukusimama. Paul Falstad alitoa zsh mwaka 1990 akiwa mwanafunzi huko Princeton. Axel Liljencrantz alitoa fish mwaka 2005, ganda lililoacha kwa makusudi kufuata POSIX ili kumrahisishia mtu mazungumzo. Mwaka 2009 Robby Russell alianzisha Oh My Zsh, mkusanyo wa mapendeleo yaliyo tayari kutumiwa, na kampuni ya Apple iliifanya zsh kuwa ganda la kawaida la kompyuta zake mwaka 2019. Katika kipindi hicho watu walianza kuchapisha hadharani faili zao zianzazo kwa nukta. Kilichokuwa siri ya mtu na mashine yake kikawa fasihi ya kusomwa na kuigwa.

Gharama ya Lugha Binafsi

Kila uhuru uliotajwa una gharama, na mifano mitatu yatosha kuionyesha.

Mfano wa kwanza unamhusu Bourne mwenyewe. Alipoliandika ganda lake kwa lugha ya C, alitumia uwezo wa lugha hiyo wa kubadilisha maneno kabla ya kufasiriwa, akaifanya C ifanane na Algol aliyoizoea. Programu ilifanya kazi vizuri, lakini wenzake walioijua C waliisoma kwa taabu. Inasimuliwa kwamba programu hiyo ni mojawapo ya zilizowachochea waanzilishi wa shindano la kimataifa la kuandika C isiyosomeka, lililoanza mwaka 1984. Mtu aliyewapa wengine lugha bora ya amri alikuwa ameiandika kwa lahaja iliyomfaa yeye peke yake.

Mfano wa pili ni wa kila siku. Amri ya rm huondoa faili bila ya kuuliza. Wengi hujilinda kwa kuipa lakabu yenye jina hilohilo, rm, lakini yenye kuongezewa sharti la kuuliza kabla ya kila faili. Nyumbani ulinzi huo hufaa. Lakini mkono huzoea kuulizwa, na siku mtu huyo anapoketi mbele ya mashine ya mwenziwe, neno lilelile hutekelezwa papo hapo bila ya swali. Maana imebadilika, sauti haikubadilika. Kwa sababu hiyo mabingwa wengi hushauri lakabu ya namna hiyo ipewe jina jipya, ili neno la umma libaki na maana ya umma.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Bash ilimruhusu mtu kurithisha kwa njia ya mazingira si thamani tu bali pia vitendo, yaani mafungu ya amri aliyoyatunga na kuyapa majina. Mwaka 2014 Stéphane Chazelas aligundua kwamba ganda hilo, likisoma kigeu chenye kitendo, liliendelea kutekeleza maneno yaliyofuata baada ya mwisho wa kitendo chenyewe. Kwa kuwa kompyuta nyingi za kutoa huduma katika intaneti ziliingiza katika mazingira maneno yaliyotoka kwa wageni, mgeni aliweza kutuma amri na zikatekelezwa. Kasoro hiyo, iliyoitwa Shellshock, ilikuwa imekaa ndani ya bash tangu mwaka 1989. Mlango uliofunguliwa ili mwenye nyumba ajisikie yuko kwake ulikuwa umeachwa bila komeo kwa robo karne.

Nafasi ya Kiswahili

Swali lililobaki ni nafasi ya lugha kama Kiswahili katika mpango huu. Kwa kawaida kuipatia kompyuta lugha mpya huhesabiwa kuwa kazi ya kampuni au taasisi. Kazi hiyo ni ya lazima, na imekwisha kufanyika kwa viwango mbalimbali. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Maktaba ya C ya GNU, ambayo mifumo mingi ya Linux huitegemea, ina mipangilio ya sw_KE na sw_TZ. Kigeu cha mazingira kiitwacho LANG kikipewa thamani hiyo, na mipangilio ikiwapo katika mashine, amri ya date huweza kutaja siku na miezi kwa Kiswahili.

Lakini historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba ipo njia ya pili, isiyohitaji taasisi. Tangu mwaka 1979 mtu yeyote aliweza kuandika katika faili yake lakabu kama orodhesha kwa ls, nakili kwa cp, hamisha kwa mv na futa kwa rm. Maneno hayo manne ni vitenzi kamili vya Kiswahili katika hali ya kuamuru, na hukaa mahali pake panapostahili, kwa kuwa katika ganda, kama katika amri ya Kiswahili, kitenzi hutangulia na kitendwa hufuata. Katika maganda ya jamaa ya Bourne hata maneno ya sarufi huweza kupewa lakabu: kama kwa if, basi kwa then, na mwisho kwa fi. Anayefika hapo, hata hivyo, yafaa akumbuke mfano wa Bourne na Algol yake.

Mipaka ya njia hii nayo ni ya kufunza. Lakabu hubadilisha neno la kwanza la amri tu. Vibainishi vinavyolifuata, kama -l na -r, hubaki kuwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Tahajia nayo huleta mgogoro wake. Kiswahili huandikwa kwa herufi zisizo na alama za juu, hivyo karibu maneno yake yote hupita bila taabu katika mifumo iliyojengwa kwa ajili ya Kiingereza. Kinachokwama ni sauti moja. Katika ganda alama ya ritifaa hufungua nukuu. Mtu akiandika ng'oa, ganda hudhani nukuu imefunguliwa, hukaa kimya na kusubiri ifungwe. Neno zima la Kiswahili huhesabiwa kuwa sentensi isiyokwisha. Mwandishi hulazimika kulizungushia alama nyingine za kunukuu, au kuitanguliza ritifaa kwa mkwaju wa kinyume. Hakuna aliyekusudia kuizuia sauti hiyo. Maana ya alama iligawanywa wakati ambapo wenye ng' hawakuwapo kwenye meza.

Hitimisho

Historia ya ganda ni historia ya matabaka mawili yaliyojifunza kuishi pamoja. Chini ipo sarufi ya pamoja, iliyosanifishwa mwaka 1992, ambayo bila yake hati iliyoandikwa Mombasa isingetekelezwa Kampala. Juu yake lipo tabaka jembamba la majina, lakabu na mazingira, ambalo ni mali ya mtu, nalo limehifadhiwa katika faili chache zilizofichwa nyumbani kwake. Makosa yaliyotajwa yalitokea mpaka wa matabaka hayo uliposahauliwa: lugha ya mtu ilipowekwa mahali pa lugha ya watu, au mlango wa nyumbani ulipoachwa wazi kwa wapita njia.

Kwa wanaoshughulikia istilahi za Kiswahili, tabaka la juu ni uwanja wa majaribio ambao haujatumiwa inavyostahili. Istilahi mpya mara nyingi hutungwa katika vikao, ikachapishwa, kisha ikasubiri watumiaji. Katika mstari wa amri utaratibu huo hugeuka: neno huandikwa leo, hujaribiwa mara mia kwa juma, na lisilofaa huachwa na mkono wenyewe. Lakini lakabu ya mtu mmoja si istilahi bado. Lakabu za Berkeley zilienea kwa sababu watu waliokaa chumba kimoja walionyeshana faili zao. Majina ya Kiswahili yaliyofichwa katika faili za watu wachache hayatakuwa lugha mpaka nayo yaonyeshwe, yalinganishwe na kubishaniwa. Nayo hiyo ni kazi ya wanaisimu sawasawa na ya wahandisi.